Diski mpya, kompyuta ya mzee: usibonyeze "Ndiyo" kwanza

"Salaam aleikum, fundi. Niko Lamu, Langoni. Marehemu baba alikuwa mpiga video wa harusi na maulidi, na kazi zake zote zimo kwenye kompyuta yake ya mezani ya Windows XP. Kaka yangu wa Muscat alikuja likizo akaniachia diski ya nje ya terabaiti 2, ile ndogo ya kuingia mfukoni, ili nihamishie kazi za mzee. Ndani yake mna picha za watoto wake ambazo hana kwingine. Nikiichomeka mbele ya kompyuta, taa inawaka, inalia tik-tik, inazima, inawaka tena. Nikaihamishia nyuma ikatulia, lakini kompyuta ikasema diski haijafomatiwa, ikaniuliza kama nataka iifomati. Nikaogopa nikaichomoa. Kwenye laptopu ya binamu yangu inafunguka vizuri. Jirani anasema kompyuta imezeeka, haiwezi diski kubwa, na nikiendelea itaungua. Fundi mmoja hapa anasema nibonyeze Ndiyo mambo yaishe, au nimwachie kompyuta wiki nzima. Sitaki kuitupa kompyuta ya baba, na sitaki kupoteza picha za kaka. Nifanye nini? Na ikishakubali, niiache diski imechomekwa siku zote?"

Aleikum salaam, dada. Mungu amrehemu mzee. Woga wako umeokoa picha za wanao wa kaka, kwa hiyo tuanzie hapo hapo: usibonyeze Ndiyo. Hata akikuhimiza nani. Kile kidirisha kinachosema diski haijafomatiwa kinakudanganya, ingawa si kwa makusudi. Kompyuta haikusema kwamba diski ni tupu. Imesema tu kwamba haikuelewa ilichokikuta, na XP haina namna nyingine ya kulisema hilo isipokuwa kwa kujitolea kufuta kila kitu. Ushahidi unao mwenyewe: kwenye laptopu ya binamu picha zote zipo.

Mimi niliwahi kubonyeza Ndiyo. Nilikuwa nimeanza kazi hapa Malindi, mteja kaniletea diski yake, nikaona kidirisha kile kile, nikajiona mjanja. Kufomati kwa haraka hakuchomi picha zenyewe. Kunafuta daftari linaloonyesha kila faili imelala wapi, ni kama duka ambalo bidhaa zimejaa hadi darini lakini mwenye duka kapoteza daftari na kila kiboksi hakina jina. Nilikaa siku tatu nikiokota faili kwa programu ya kuokolea, na nyingi zilirudi bila majina, nyingine nusu. Yule mzee alinisamehe. Tangu siku hiyo nikiona swali lile mkono huenda kwenye Hapana wenyewe.

Sasa, una matatizo mawili yaliyovaa kanzu moja, ndiyo maana kila mtu anakupa jibu lake. La kwanza ni nguvu ya umeme. La pili ni lugha ambayo diski imeandikiwa. Na nyuma ya yote mawili kuna la tatu ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nitalifikia.

Ile tik-tik. Ndani ya diski ya kaka yako mna sahani ya kuzunguka, na mota yake kwa diski nyingi za ukubwa huo huizungusha mara 5,400 kwa dakika. Umewahi kuona kijana akiusukuma mkokoteni wa maji? Kuuondoa pale ulipo ndiko kazi, anaegemea mwili mzima, mishipa ya shingo inamtoka. Ukishashika mwendo anausukuma kwa mkono mmoja huku akisalimia watu. Mota ya diski ni vivyo hivyo. Wakati wa kuanza kuzunguka huvuta umeme mwingi, hata kukaribia ampia 1 kwa sekunde chache, halafu ikishakolea inashuka chini kabisa.

Tundu la USB la kompyuta ya mzee lilitengenezwa kwa sheria ya USB 2.0, iliyotolewa mwaka 2000. Sheria hiyo inaruhusu kila tundu litoe volti 5 na miliampia 500, yaani wati 2.5, basi. Sheria ya USB 3.0 ikaja 2008 ikapandisha hadi miliampia 900, yaani wati 4.5. Diski ya kaka ni ya kizazi hiki cha pili. Kwenye laptopu ya binamu inapewa sahani kamili, kwa mzee inapewa nusu sahani. Diski nyingi huvumilia hiyo nusu, lakini tundu la mbele lina kasoro ya ziada: halikukaa juu ya ubao mkuu, bali limeunganishwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kasha, na kila sentimita ya waya mwembamba hula volti kidogo. Nikiweka kipimo changu kidogo cha USB katikati ya diski na tundu la mbele la mashine za umri huo, mara nyingi naona namba ikianzia 5.0, mota ikianza inaporomoka hadi 4.4 au 4.3, taa inazima, namba inarudi 5.0. Kisha tena. Kila tik uliyoisikia ni diski imejaribu kuinuka, magoti yakalegea, ikarudi kukaa.

Kwa hiyo jirani hakukosea sana kwamba umri unahusika, ila amekosea kinachofuata. Kompyuta haitaungua kwa hili. Bodi nyingi zina fyuzi ndogo kwenye matundu ya USB, inayokata umeme ukivutwa kupita kiasi na kujirudisha yenyewe ikipoa. Anayeumia kwenye mchezo huu wa kuwaka na kuzima ni diski. Ukiiacha itike hivyo nusu saa ukisubiri ibadili nia, unaichosha bure, na kama ilikuwa katikati ya kuandika, faili huharibika. Ukisikia tik ya tatu, chomoa.

Dawa yake ni rahisi. Tumia matundu ya nyuma tu, yale yaliyokaa juu ya ubao mkuu wenyewe. Chomoa printa na kila kitu kingine cha USB isipokuwa kipanya na kibodi. Tumia waya mfupi uliokuja na diski, usiongeze waya wa kurefusha. Kabla ya hapo tazama ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Lamu hewa ni chumvi, na kompyuta iliyokaa miaka karibu na dirisha wakati wa kusi lazima iwe imelamba nyingi. Ukiona vile vibati vidogo vina ukungu wa kijani au vimefifia, visugue taratibu, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa ukutani, kwa brashi laini ya meno iliyochovywa kidogo kwenye spiriti safi ya kusafishia vyombo vya umeme. Usitumie manukato wala petroli. Na usipulize kwa mdomo, kwani unaongeza unyevu pale pale unapoupigania.

Wewe umeshaona kwamba nyuma ilitulia, kwa hiyo labda hapo pamekwisha. Lakini kutulia dakika mbili si kutulia saa mbili za kunakili. Ikianza kuyumba katikati, kuna waya wenye mikia miwili: unachomeka mikia yote miwili kwenye matundu mawili ya nyuma, mmoja unabeba data na umeme, mwingine unaongeza umeme tu. Bora zaidi ni habu ya USB, kile kigawanyio cha tundu moja kuwa mengi, yenye chaja yake ya ukutani, ya ampia 2 kwenda juu. Hapo diski inakula kwa chaja, na kompyuta ya mzee inabaki na kazi ya mazungumzo tu. Angalia iwe kweli na chaja. Zile habu za bei ya soda zisizo na chaja zinachukua zile zile miliampia 500 na kuzigawa kwa watu wanne.

Tuje kwenye lugha. Diski yoyote, kabla ya kuweka faili, huandaliwa kwa mpangilio fulani wa kuhifadhi. Diski ya kaka yako, kwa dalili ulizonipa, iko kwenye mpangilio uitwao exFAT. Huo hupendwa kwa sababu kompyuta za Windows na za Apple zote huusoma na kuuandika. Tatizo ni tarehe. XP ilitoka 2001, exFAT ikaja 2006. Kompyuta ya mzee haikufundishwa lugha hiyo shuleni. Binamu aitazame: achomeke diski kwenye laptopu, abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la diski, afungue Properties. Mpangilio umeandikwa hapo juu. Ikiwa ni exFAT, nimepatia.

Microsoft walitoa kiraka cha kuifundisha XP lugha hiyo mwaka 2009, kinachohitaji XP iwe na furushi la maboresho liitwalo Service Pack, la 2 au la 3. Kikiwa kimewekwa, kidirisha cha kufomati kinatoweka na picha za kaka zinaonekana. Lakini nakuomba usiiunganishe kompyuta ya mzee na intaneti kwa ajili ya kukitafuta. Microsoft waliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014, na mashine ya namna hiyo mtandaoni ni nyumba isiyo na mlango. Na usikubali kiraka cha kupewa kwenye flashi na mtu usiyemjua.

Njia ya pili ni kuhamisha picha za kaka kwanza ziwe kwenye laptopu ya binamu, kuzifungua kadhaa na kuhakikisha zipo, halafu kuifomati diski hukohuko kwenye laptopu kwa mpangilio wa NTFS. XP na Windows mpya zote huongea NTFS kama lugha ya mama. Kompyuta ya Apple ya kaka, kama anayo, itaweza kuisoma diski hiyo lakini haitaiandikia bila programu ya ziada.

Atatokea mtu akwambie ufomati FAT32 kwa sababu "inakubali kila mahali". Mwambie ahsante. FAT32 haipokei faili moja iliyofika gigabaiti 4. Kama mzee alipiga kwa kamera za kanda za MiniDV, ambazo wapiga harusi wengi wa miaka ile walizitumia, basi saa moja ya video ikiingizwa kwenye kompyuta kama ilivyo kwenye kanda, bila kubanwa zaidi, ni takriban gigabaiti 13. Harusi ya Lamu haiishi saa moja. Vugo tu la jioni litaigomesha FAT32.

Na lile la "haiwezi diski kubwa": mpaka upo, ila wewe hujaufikia. XP ya kawaida, ya biti 32, hujua kugawanya diski kwa njia ya zamani ambayo hesabu yake, kwa diski za kawaida, huishia kama terabaiti 2.2. Diski ya kaka ni 2. Ameponea chupuchupu. Angekununulia ya 4, XP ingeweza kuiona kwenye orodha ya vifaa na isikupe hata herufi ya kuifungulia, na ingekuwa habari nyingine.

Hayo ndiyo majibu ya ulichouliza. Sasa lile la tatu.

Dada, watu wote hapo nyumbani mnaitazama diski mpya. Mimi natazama ile ya ndani ya kompyuta, ya mzee. Hiyo ndiyo yenye harusi na maulidi, hiyo ndiyo nakala pekee, na hiyo ndiyo iliyokaa miaka kwenye joto na chumvi ikiwashwa na kuzimwa. Kila mara unapoiwasha kompyuta ili kujaribu kama leo diski ya kaka itakubali, unaichezesha diski ya mzee kamari. Pawa saplai ya umri ule, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, nayo si ya kuaminiwa. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuja na kapasita mbovu, zile silinda ndogo zilizosimama kwenye ubao. Fungua pembeni ya kasha, kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, umulike vichwa vyake. Vinatakiwa viwe bapa kama sarafu. Ukiona kimoja kimevimba kama mkate wa mofa, au kimetoa ute wa kahawia, usiiwashe tena kompyuta hiyo mpaka diski ya mzee iwe nje yake.

Ndiyo sababu ushauri wangu kwako si kulazimisha diski mpya ikubaliwe na kompyuta kongwe. Geuza safari. Itoe diski ya mzee kwenye kasha, uiunganishe na laptopu ya binamu kwa adapta ya USB, na hapo hapo uchomeke diski ya kaka. Laptopu inajua lugha zote, ina umeme wa kutosha, na kompyuta ya mzee inapumzika. Baadaye diski inarudi mahali pake kwa skrubu zile zile nne, na kompyuta inabaki kama alivyoiacha.

Kuitoa si uchawi. Diski ya kompyuta ya mezani ni boksi la chuma la ukubwa wa kitabu kinene cha mfukoni. Mgongoni ina sehemu mbili za kuchomeka. Ukikuta mkanda mpana bapa wa nyaya nyingi na tundu la pini 40, pamoja na plagi nyeupe ya nyaya nne nene, hiyo ni IDE. Ukikuta waya mwembamba bapa, mara nyingi mwekundu, wenye kichwa chembamba chenye umbo la L, hiyo ni SATA. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, kila upande. Kisha tafuta adapta inayokubali aina yako. Zipo za kubeba aina zote mbili. La lazima ni kwamba adapta hiyo iwe na chaja yake ya volti 12, kwa sababu diski za mezani huhitaji volti 12 na USB haijui kutoa zaidi ya 5 kwa njia hii. Wengi hununua kiwaya kisicho na chaja, diski haizunguki, wanasema imekufa. Haijafa. Kama ni IDE, kuna kipande kidogo cha plastiki mgongoni, karibu na pini, ambacho hupanga kama diski ni ya kwanza (Master) au ya pili (Slave). Mchoro wake huwa umechapwa kwenye karatasi ya juu. Kiweke kwenye nafasi ya kwanza.

Ilaze bapa juu ya meza, juu ya kitambaa kikavu au ubao, isiwe juu ya godoro. Ikishaanza kuzunguka usiisogeze, usiiinue kumwonyesha mtu. Windows ya laptopu inaweza kukuambia imeona hitilafu na kujitolea kuikagua na kuirekebisha. Kataa. Kurekebisha ni kuandika juu ya diski, na hatuandiki kitu chochote juu ya nakala pekee. Inaweza pia kusema huna ruhusa ya kuingia kwenye folda ya mzee, kwa sababu alikuwa na jina lake na neno la siri. Bofya kuendelea, laptopu itachukua ruhusa yenyewe, subiri tu. Hilo nalo huandika kidogo kwenye diski, lakini kwa diski nzima ni dogo na sina njia rahisi zaidi ya kukupa.

Kuna watu watakaokushauri uiwashe kompyuta ya mzee kutoka kwenye flashi kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao husoma karibu kila mpangilio. Ni njia nzuri na mimi huitumia dukani. Kwako siipendi, kwa sababu bado unaitegemea ile pawa saplai kongwe.

Kwenye kunakili, anza na kisichoweza kurudiwa. Folda za harusi na maulidi kwanza, programu na filamu baadaye au usizichukue kabisa. Nakili folda moja moja. Ukivuta kila kitu kwa mpigo na faili moja ikagoma, XP hususa safari nzima na hukumbuki iliishia wapi. Windows mpya ni waungwana zaidi, huuliza kama iruke, lakini mtindo ni ule ule. Faili ikigoma, iandike jina kwenye karatasi, endelea na nyingine, uirudie mwisho.

Kuhusu muda: kwa USB 2.0 ya kweli, utapata kama megabaiti 30 kwa sekunde. Diski ya mzee ikiwa na gigabaiti 160 zilizojaa, hiyo ni saa moja na nusu, tuseme mbili. Ukiamua kufanya kwenye XP licha ya niliyosema, tazama pembeni karibu na saa: ikikuletea kiputo kinachosema kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi, maana yake tundu limeshuka hadi USB 1.1, ya mwaka 1998, na utapata kama megabaiti 1 kwa sekunde. Mzigo ule ule unakuwa karibu siku mbili za mfululizo. Simamisha, kwani hapo draiva ya USB 2.0, yaani programu ndogo inayoliendesha tundu, haijawekwa au tundu ni bovu, na hakuna stima itakayokuvumilia siku mbili bila kukatika.

Ikikwisha, usiamini idadi ya faili peke yake. Fungua video tano sita, na kila moja uiruke hadi katikati, halafu hadi dakika ya mwisho. Video iliyokatika hufunguka vizuri sana mwanzoni. Kisha ifanye laptopu ikague virusi kwenye vilivyonakiliwa, maana kompyuta za wapiga picha zilipokea flashi za mji mzima. Na kabla kaka hajarudi Muscat na diski yake, au hata kama kakuachia moja kwa moja, tafuta diski ya pili, hata ndogo, uweke nakala nyingine ikae nyumba nyingine. Kwa shangazi, kwa binamu, popote pasipo nyumba ile ile.

Nirudi kwa yule fundi anayetaka umwachie kompyuta wiki nzima. Simjui, simsemi vibaya. Lakini fikiria kilichomo. Harusi za Lamu zina sehemu za wanawake peke yao, siku ya kutolewa bibi harusi nje, watu wako wazi wakijua kamera ni ya mtu wanayemwamini. Baba yako alipewa amana hiyo, na sasa iko kwako. Mashine hiyo haiendi kulala dukani kwa mtu. Kama huwezi mwenyewe na binamu yako, mwite fundi nyumbani, au nenda ukae kando yake mpaka amalize, na diski uondoke nayo mkononi. Fundi anayekataa kutazamwa akinakili faili, mimi singempa hata redio.

Kuna hali ambazo hata binamu asiguse. Diski ya mzee ikikwaruza kama msumari juu ya bati, ikigonga kwa mpigo ule ule kila sekunde chache hata kwenye adapta yenye chaja nzuri, ikinuka kuungua, au isipozunguka kabisa, kata umeme mara moja na usiijaribu tena. Kila jaribio hapo linakwangua uso wa sahani. Usiifungue kuchungulia, kwani chembe moja ya vumbi la Langoni inatosha, na usiiweke kwenye friji kama utakavyoshauriwa. Ya namna hiyo huhitaji watu wenye chumba kisicho na vumbi na vifaa vya kuokolea, na hao si sisi mafundi wa mitaani. Ukimpata fundi anayesema ataifungua diski yenyewe mezani pake, shukuru uondoke. Vivyo hivyo diski ya kaka: ikianza kutika hata kwenye laptopu ya binamu, basi si njaa ya umeme tena, inaumwa, zitoe picha siku hiyo hiyo. Na usimruhusu mtu aivunje kasha akidhani ndani mna diski ya kawaida ya kuhamishia kwingine. Nyingi za siku hizi tundu la USB limechomelewa kwenye bodi yake yenyewe, ukishalivunja huna pa kuchomeka.

Ikibidi kusafiri nayo, diski ya mzee ifungwe kwenye plastiki, juu yake taulo, ikae mapajani mwako kutoka Lamu hadi Mokowe, isikae sakafuni mwa boti ambako maji ya mawimbi huja kupumzika. Kwenye basi isiwekwe buti. Punda asiibebe, nakujua utacheka, lakini nimeletewa moja iliyobebwa na punda.

La mwisho uliuliza kama uiache imechomekwa siku zote. La. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kilichochomekwa ndicho kinachopigwa, na nakala isiyochomekwa haipigwi. Tena kompyuta za umri wa mzee zikikuta diski ya USB wakati wa kuwaka, nyingine huijaribu kama ndiyo yenye Windows, zinakuachia skrini nyeusi na kimstari kinachopepesa, na mtu anadhani zimekufa. Washa kompyuta kwanza, ikishatulia ndipo uchomeke diski. Kuchomoa, bofya kile kialama chenye mshale wa kijani pembeni ya saa, chagua diski, subiri uambiwe ni salama, na uiguse kwa kidole: mtetemo ukiisha, ichomoe. Ikikataa, ikisema bado inatumika na wewe huoni chochote kilicho wazi, usibishane nayo. Zima kompyuta yote, ngoja taa ya diski izimike, halafu uvute waya.